Dole gumba lilipochukua kazi ya besi: kisa cha mpiga gitaa wa roki Lubumbashi

Kikundi ninachokizungumzia kina watu wanne na kinapiga roki nzito hapa Lubumbashi, Kongo, mji ambao terasi zake, yaani baa za nje, zinaishi kwa rumba, ndombolo na nyimbo za kanisa. Wanaimba kwa Kifaransa, mara moja moja kwa Kiingereza. Mwimbaji ndiye mkubwa wao, na mazoezi yanafanyika mtaa wa Katuba, kwenye parseli, yaani kiwanja, cha wazazi wake. Rifu, vile vifungu vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa, karibu zote zinatoka kwa mpiga gitaa. Majina yao siyataji: wote wanne walikubali niandike kwa sharti hilo.

Mimi nashika meza ya sauti kwenye maonyesho yao, na kwa umri nimewapita wote, kwa hiyo mambo yalipoharibika waliniita kama yaya wao, yaani ndugu yao mkubwa. Naandika kisa chote kwa sababu vijana wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaopiga gitaa la umeme watakutana nacho siku moja, na vikundi vya roki kwetu ni vichache mno kufa kwa jambo linaloweza kuzungumzwa.

Kilichotokea

Mpiga gitaa alirekodi nyimbo tano kwenye studio ndogo ya mtaa wa Kampemba: gitaa na sauti yake tu, kwa Kiswahili chetu cha hapa. Alilipa mwenyewe. Nyimbo zikaanza kupita kwenye WhatsApp, kisha likafuata bango la onyesho lake la kwanza. Juu kulikuwa na jina lake. Chini, kwa herufi kubwa kuliko jina hilo, maneno "mpiga gitaa wa" na jina la kikundi. Wenzake waliliona kwenye simu kama mtu mwingine yeyote. Siku hiyohiyo mwenye terasi moja alimpigia mwimbaji kuuliza kama kikundi kimevunjika, maana alikuwa ameshatoa avansi, yaani malipo ya awali, ya onyesho la mwisho wa mwezi.

Kwenye kikao cha kwanza mwimbaji aliuliza swali moja, akalirudia: "Juu ya nini haukutwambiaka?"

Mpiga gitaa alijibu bila kumtazama: "Yaya, hizi nyimbo zote nililetaka hapa. Mulikataa."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Kikao kikaendelea kwa kelele, na kelele zilipotulia nilibaki na madai manne kwenye karatasi: jina la kikundi kwenye bango, amplifaya iliyonunuliwa kwa mfuko wa wote ambayo mpiga gitaa aliipeleka studio, tarehe ya onyesho lake, iliyoangukia siku ya mazoezi, na wimbo wa tatu kwenye ile rekodi. Amplifaya na tarehe zilikuwa mambo madogo yaliyokuzwa na hasira. Jina lilikuwa jambo la haki. Wimbo wa tatu ndio uliokuwa kiini, ingawa siku ile aliyeumizwa nao hakufungua mdomo.

Kwa nini nyimbo zilikataliwa

Mwimbaji alisema nyimbo zile zilikataliwa kwa sababu ni za wazee. Mpiga gitaa aliamini zilikataliwa kwa sababu hazikutoka kwa mwimbaji. Nilipozisikiliza kwa makini niliona sababu nyingine, nayo imo ndani ya gitaa lenyewe.

Gitaa la roki nzito linapita kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka sauti inakwaruza. Sauti ikikwaruza, noti mbili zinazopigwa pamoja huzaa noti nyingine ambazo hakuna kidole kilichozigusa. Ukipiga noti mbili zinazopatana sana, ya kwanza na ya tano, hizo zinazozaliwa zinapatana nazo pia, na sauti inatoka nene, yenye nguvu. Ndiyo maana rifu za roki nzito zimejengwa juu ya noti hizo mbili. Ongeza noti ya tatu, au piga sauti mbili zinazokwenda njia tofauti, moja chini na moja juu, na zile zinazozaliwa zinaanza kugombana. Msikilizaji anapata tope.

Nyimbo za kijana huyu zote zina sauti mbili zinazokwenda njia tofauti. Ni mkono wa Katanga, namna ya kupiga gitaa ya eneo letu hili, ule ambao mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco aliufikisha mbali: dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba, na mtu mmoja anasikika kama wawili. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na mpaka sasa kuna wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaohangaika na rekodi zile wakitafuta vidole vyake vilipita wapi. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Mpiga gitaa wetu alifundishwa mkono huo na babu yake, mfanyakazi wa zamani wa kampuni ya migodi ya Union Minière, kabla hajasikia roki hata mara moja. Kwake roki ilikuja baadaye, na aliipenda kwa moyo wote. Lakini mkono wa kwanza haukumtoka.

Ukiutia mkono huo kwenye amplifaya inayokwaruza, wimbo unakufa. Kikundi kilizijaribu nyimbo zake kwa sauti ileile ya kila siku, kikasikia tope, kikazikataa. Hakuna aliyesema, "Punguza mkwaruzo kwanza, tuusikie." Hapo ninawalaumu wote wanne, hata mwenye nyimbo, ambaye angeweza kuomba hivyo na hakuomba. Nyimbo nzuri zilikataliwa kwa sababu ya mahali ambapo kitufe kimoja kilikuwa kimewekwa.

Kuna na jambo la umeme. Umeme ukikatika Katuba, mazoezi yanategemea jenereta, jenereta inataka mafuta, na mafuta yanatoka kwenye mfuko wa kikundi ambao mara nyingi ni mtupu. Jioni nyingi hapakuwa na mazoezi. Wengine walikwenda zao, yeye akabaki na gitaa kavu lisilohitaji umeme wala mtu. Nyimbo tano zilitungwa jioni hizo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu shutuma iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa kwamba aliiba muda wa kikundi. Muda ule hakuna aliyekuwa anautumia.

Wimbo wa tatu

Mpiga besi alinyamaza kikao kizima cha kwanza. Kwenye kikao cha pili alikuja na simu yake. Ana desturi ya kurekodi kila mazoezi, na alikuwa amelitafuta faili moja la zamani mpaka akalipata.

Linasikika hivi. Mpiga gitaa anapiga rifu nzito, inayokwenda moja kwa moja bila kupumua. Mpiga besi anaifuata mizunguko miwili, kisha anaacha kuifuata na kuweka mwendo wa kalindula, ile besi inayorukaruka tunayoijua kutoka upande wa Luapula na Zambia. Rifu inabadilika palepale: mpiga gitaa anaanza kuacha nafasi ili besi ipite, na kwenye nafasi hizo wimbo unafunguka. Mwimbaji anapiga kelele kwa furaha: "Hapo! Hapo!" Wimbo ulizaliwa dakika ile. Baadaye waliuacha kwa kuwa hawakupata maneno ya Kifaransa ya kukaa juu yake.

Tukasikiliza sasa wimbo wa tatu wa ile rekodi ya studio. Besi haimo. Lakini dole gumba la mpiga gitaa, kwenye nyuzi nene, linapiga mwendo uleule wa kalindula, noti kwa noti. Kidole cha shahada kinapiga kilichobaki cha rifu. Maneno ni mapya, ni ya Kiswahili, ni yake mwenyewe, na ni mazuri. Kazi ya mwenzake imo ndani ya dole gumba lake.

Nilimwuliza kama alijua. Alisema kwamba ameupiga peke yake muda mrefu mpaka ukawa mkono wake, akasahau ulikotoka. Ninamwamini. Mkono wa Katanga una tabia hiyo: unameza besi. Ndiyo maana anayeupiga anaweza kusimama jukwaani peke yake na watu wakacheza, na ndiyo maana, mtu wa kikundi akitoka na mradi wake kwa mkono huo, wa kwanza kufutika ni mpiga besi. Mwimbaji alipoteza heshima kidogo mbele ya mwenye terasi. Mpiga drams alikosa mazoezi ya siku moja. Mpiga besi alisikia kitu alichokivumbua yeye kikipita kwenye simu za watu bila jina lake, na asingeweza hata kuonyesha, "Nisikilizeni hapa," kwa sababu chombo chake hakikuwemo.

Sheria ya nchi haina utata hapa. Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na wimbo uliotungwa na watu zaidi ya mmoja ni mali yao kwa pamoja, hata kama mmoja tu ndiye anayesikika kwenye rekodi. Anayeandikisha wimbo SOCODA, shirika la haki za watunzi lililoundwa mwaka 2011, anaandika majina ya waliotunga. Bahati nzuri mpiga gitaa alikuwa bado hajaupeleka wimbo huo popote, kwa hiyo hapakuwa na karatasi ya kufutwa.

Mwimbaji naye alitaka jina lake liandikwe, kwa hoja kwamba wimbo ulizaliwa kwenye parseli yao na kwamba yeye ndiye aliyetambua kuwa umezaliwa. Nilimwambia hapana. Kufurahia wimbo siyo kuutunga, na nyumba haitungi. Alikasirika nami wiki kadhaa. Mpiga drams, kwa heshima yake, alisema mwenyewe kwamba mdundo alioupiga siku ile ni ule anaoupiga kila siku, na hakudai kitu.

Kukataza au kuruhusu

Pendekezo la kwanza la mwimbaji lilikuwa fupi: hakuna mtu wa kikundi kutoa nyimbo nje ya kikundi. Nilimpa mfano wa Metallica, kikundi cha roki nzito cha Marekani. Jason Newsted, mpiga besi wao tangu 1986, alikuwa na kikundi cha pembeni kilichoitwa Echobrain, na James Hetfield, mwimbaji wa Metallica, hakutaka albamu ya Echobrain itoke. Januari 2001 Newsted akaondoka. Metallica walikuwa na pesa na jina la kutafuta mtu mwingine, na bado iliwachukua mpaka 2003 kumpata. Kikundi cha Katuba kikimpoteza mtungaji wa rifu zake, kimekwisha.

Mifano ya kwetu ni ya zamani zaidi. Wanamuziki wa Kinshasa wana jina la kazi za pembeni, nzonzing, na mabosi wa vikundi wamepigana nazo miaka yote. Verckys, mpiga saksafoni wa OK Jazz, alirekodi nyimbo zake bila Franco, kiongozi wa kikundi hicho. Ugomvi ukafuata, na mwaka 1969 aliondoka na kujenga kikundi chake, Vévé. Alifanikiwa sana. Anayekatazwa huwa anaondoka, na akiwa na kipaji anaondoka na watu.

Lakini mpiga gitaa naye alihitaji mfano wake, na nilimpa ule wa Rolling Stones wa Uingereza. Mwimbaji wao, Mick Jagger, alitoa albamu zake mwaka 1985 na 1987, na mwaka 1988 akaenda kuimba Japani na Australia huku sehemu kubwa ya onyesho ikiwa nyimbo za Stones. Keith Richards, mpiga gitaa wao, aliyetunga nyingi ya nyimbo hizo pamoja naye, aliumia waziwazi. Mwaka huohuo Richards akatoa albamu yake mwenyewe akiwa na wapigaji wengine. Walikaa wakazungumza, na mwaka 1989 kikundi kikarudi na albamu mpya na ziara kubwa. Kilichokaribia kuwaua ni nyimbo za wote kupandishwa jukwaani na mmoja. Albamu zenyewe hazikuwazuia kurudi.

Na hatuna haja ya kwenda Uingereza. Vuka Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa, uingie kwenye miji ya shaba ya Zambia ambako miaka ya 1970 vijana walipiga roki kwa nguvu ambayo dunia imeigundua upya baadaye. Rikki Ililonga, mpiga gitaa wa Musi-O-Tunya, alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 1975, na leo wanaoitafuta roki ya Zambia wanatafuta vyote viwili, kikundi na mtu. Mpiga gitaa wetu hakuwa amewahi kusikia habari zake. Nilisikitika: tunajua majina ya wapigaji wa California na hatumjui jirani.

Jina

Jambo la jina lilichukua muda mfupi zaidi. Kuna njia mbili zilizo safi. KISS, kikundi cha roki cha Marekani, tarehe 18 Septemba 1978 walitoa albamu nne siku moja, kila mwanakikundi na yake, na kila jalada likiwa na jina la kikundi, kwa sababu walipanga pamoja. Katika zote nne, wimbo uliofika juu zaidi ulikuwa wa mpiga gitaa, Ace Frehley. Ed O'Brien, mpiga gitaa wa kikundi cha Uingereza Radiohead, alichukua njia nyingine: mwaka 2020 alitoa albamu kwa jina la EOB, herufi zake mwenyewe, na aliyetaka kujua anapiga wapi siku zote alijua. Bango la Lubumbashi lilikuwa katikati. Lilitumia jina la kikundi kuvuta watu bila kikundi kujua, na likamwacha mwenye terasi akidhani kikundi kimekufa.

Mpiga gitaa alikiri hilo kabla sijamaliza kusema. Bango lilitengenezwa upya: jina lake kubwa, jina la kikundi dogo chini, na tarehe ya onyesho lijalo la kikundi pembeni. Kwa maoni yangu mstari huo wa pembeni ndio uliofanya kazi zaidi ya vyote, maana tangu siku ile kila onyesho lake linatangaza na la wenzake.

Walivyokubaliana

Karatasi iliandikwa, ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, na ikasomwa kwa sauti kwa Kiswahili ili pasiwe na wa kusema hakuelewa. Wimbo wa tatu ni wa wawili, mpiga gitaa na mpiga besi, nusu kwa nusu kwenye muziki. Maneno ni ya mpiga gitaa. Kikundi kina haki ya kuupiga kwa namna yake. Amplifaya ikitoka nje ya kikundi, anayeitumia anaweka kitu kwenye mfuko wa mafuta. Onyesho la kikundi lililokwisha kulipiwa avansi linatangulia tarehe nyingine yoyote.

Kipengele nilichokipigania mimi ni cha nyimbo mpya. Mtu akileta wimbo, kikundi kinaujaribu kwa zaidi ya sauti moja, na kinatoa jibu kabla mwezi haujaisha. Kikikataa, au kikinyamaza, wimbo unarudi kwa mwenyewe na hakuna wa kumwuliza ameupeleka wapi. Kukataa nyimbo za mtu kisha kumlaumu kwa kuzitoa kwingine ni kumfungia mtu mlango na kumwuliza kwa nini yuko nje.

Mwimbaji alitaka pia sehemu ya kashe, yaani malipo, ya maonyesho ya mpiga gitaa peke yake iingie kwenye mfuko, kwa kuwa kikundi ndicho kilichomtambulisha kwa watu. Hoja ina uzito, lakini niliipinga. Kikundi kimemtambulisha yeye, na rifu zake zimekitambulisha kikundi; hesabu hiyo ukiianza hutaimaliza. Ikaondolewa.

Tangu hapo wimbo wa tatu umesambazwa upya ukiwa na majina mawili. Kikundi kimeanza kuupiga kwa namna ninayoipenda: beti zinakwenda kwa sauti safi, dole gumba limenyamaza na besi imerudi kwa mwenyewe, kisha kwenye kiitikio amplifaya inafunguliwa na wote wanne wanashuka pamoja kwenye noti mbili nzito. Mkwaruzo unaingia mahali ambapo hauharibu kitu. Mpiga besi amealikwa mara mbili kwenye maonyesho ya mpiga gitaa, akapiga wimbo huo mmoja na kushuka. Mwimbaji hajahudhuria hata moja, lakini tarehe zake anazitangaza bila kuombwa.

Kipengele kimoja hakijaandikwa: nani anabaki na rifu za kikundi mpiga gitaa akiondoka kabisa. Mwimbaji anasema kulizungumza ni kumfukuza. Mpiga gitaa anasema hana mpango wa kwenda popote. Mimi nimewaambia jambo hilo liandikwe sasa, wakati wanapatana, na faili zote za mazoezi zilizo kwenye simu ya mpiga besi zinakiliwe kwenye simu za wote wanne, kwa sababu bila ile rekodi moja tungekuwa bado tunabishana. Faili zimekwisha kunakiliwa. Kipengele watakizungumza baada ya onyesho la mtaa wa Kamalondo.